Saa, mashine ya kukimbilia na simu zinanipa kalori tatu tofauti kwa zoezi moja, niamini ipi?

NuruAsubuhi

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa anayezielewa hizi saa za mazoezi maana mimi zimenishinda. Nimeanza mazoezi ya kupunguza mwili, ni mwanamke, miaka 34, urefu sm 165, uzito kilo 78. Saa naivaa muda wote, hata kulala nalala nayo. Sasa juzi nimetembea kwenye mashine ya kukimbilia lisaa lizima, spidi 5.6, bila mwinuko, namaliza naangalia mkononi saa inasema nimechoma kalori 412, mashine yenyewe (niliiingizia uzito wangu kabla sijaanza) inasema 335, nikaenda kurekodi zoezi kwenye programu ya simu ninayoandikia chakula ikaniwekea 274. Mtu mmoja, zoezi moja, namba tatu!! Nani hapo anasema ukweli?

La pili, nikiamka saa 12 asubuhi kabla sijashusha hata mguu kitandani saa inaonyesha nimeshachoma kalori kama 370. Kwa kazi gani jamani?

La tatu ndo linaniumiza zaidi. Ile programu ya chakula nimeiunganisha na saa, kwa hiyo kila nikifanya mazoezi inaniongezea kalori za kula siku hiyo, na mimi nakula vile inavyoniambia, sizidishi, lakini mzani umegoma kabisa. Niendelee kuzila hizo za nyongeza au niachane nazo? Nielezeni taratibu tafadhali, nataka nielewe, sio kuambiwa tu fanya hivi.

FundiMita

Dada Nuru namba zako ni nzuri sana kwa kujifunzia, karibu zote zinaelezeka, ngoja nianze na hiyo ya asubuhi.

Mwili hauzimwi ukilala. Moyo, ubongo, ini, figo, mapafu, kulinda joto la mwili, vyote vinatumia nishati usiku kucha, na kwa watu wengi wasiofanya kazi nzito hii ndo sehemu kubwa ya kalori za siku nzima kuliko hata mazoezi. Saa haina namna ya kuipima hiyo, inaikokotoa tu kutokana na profaili uliyojaza siku ya kwanza: umri, jinsia, urefu, uzito. Fomula moja inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, kwa mwanamke unachukua kilo mara 10, unajumlisha sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, mwisho unatoa 161. Kwako inakuwa 780 + 1031 - 170 - 161 = 1480 kwa siku. Gawa kwa 24 unapata kama 62 kila lisaa. Siku ya saa inaanza saa 6 usiku, mpaka saa 12 asubuhi ni masaa sita, 62 mara 6 ni 372. Ndo hiyo 370 yako ya kitandani, haina ajabu yoyote, na ungekuwa umelala kutwa nzima ingekwenda hivyo hivyo mpaka 1480.

Sasa njoo kwenye zile tatu. Mashine haijui chochote kuhusu moyo wako, inajua spidi, mwinuko na uzito. Wataalamu wana kipimo kinaitwa MET, kukaa umetulia ni MET 1, ambayo ni takriban kalori moja kwa kila kilo kwa lisaa, halafu kuna orodha ndefu ya shughuli inayoitwa Compendium of Physical Activities iliyotoka 1993 na kurekebishwa mara kadhaa, humo kila kitu kina MET yake mpaka kudeki na kupanda ngazi. Toleo la 2011 linaipa kutembea kwa spidi yako MET 4.3. Zidisha 4.3 kwa kilo 78 unapata 335. Umeona? Mashine imefanya hesabu ya jedwali, basi.

Programu ya simu nayo inaelekea imetumia jedwali hilo hilo ila ikatoa zile 62 ambazo ungezichoma hata kama ungekaa kwenye kiti lisaa hilo hilo. 335 toa 62 ni 273, hiyo moja ni mambo ya desimali. Kwa hiyo mashine na simu hazijapingana hata kidogo, moja imekupa jumla, nyingine imekupa nyongeza iliyoletwa na zoezi peke yake. Na kwa mtu anayepunguza mwili nyongeza ndo ya maana, kwa sababu zile 62 tayari zimo kwenye hesabu yako ya siku, ukizihesabu tena unajidanganya mara mbili.

Iliyobaki ni 412 ya saa. Hii ni habari nyingine kabisa, imetoka kwenye moyo. Naomba kujua vitu viwili kabla sijasema: mapigo yalikuwa wastani wa ngapi lisaa hilo, na je ulikuwa unashika vyuma vya pembeni vya mashine?

MzeeWaKazi

Mimi ushauri wangu ni mfupi, vueni hizo saa. Watu wamepungua miaka yote bila kifaa mkononi. Na sio maneno yangu tu, 2016 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA, vijana 471 wenye uzito mkubwa walifuatiliwa miaka miwili, wote wakapewa mpango wa chakula na mazoezi, nusu yao wakaongezewa kifaa cha kuvaa. Waliovaa kifaa walipungua wastani wa kilo 3.5, wasiovaa kilo 5.9. Sasa hapo unatafuta nini tena?

KochaBakari

Mzee wangu nakuheshimu, na huo utafiti ni wa kweli, ila makundi yote mawili yalipungua na kile kifaa kilikuwa cha kufunga mkono wa juu, cha kizazi cha nyuma. Ninachokichukua mimi pale ni kwamba kifaa peke yake hakipunguzi mtu, lakini sio kwamba kinamnenepesha. Mimi wateja wangu wengi saa imewafanya watembee, mtu anaona hatua hazijafika anazunguka nyumba usiku mpaka zitimie, hiyo ni faida kubwa. Shida inaanza pale kalori za saa zinapogeuka kuwa ruhusa ya kula.

Niongezee kwa upande wa vyuma maana dada Nuru akianza kubeba atakutana nalo. Saa nyingi kwa kunyanyua vyuma zinakosea vibaya na zinakosea pande zote mbili. Ukikaza mwili kubeba mzigo mzito moyo unapanda haraka, ila unapanda kwa sababu ya presha na kukaza misuli, sio kwa sababu unatumia oksijeni nyingi kama mtu anayekimbia, saa yenyewe haijui tofauti, inaona mapigo 145 inakuhesabia kama uko barabarani. Halafu ukikunja kiganja kushika chuma, damu ya pale kwenye kifundo inabanwa na ngozi inavutika, taa za chini ya saa zinapoteza mapigo, unaona grafu imeshuka ghafla mpaka 80 wakati wewe unahema. Nimesimama na mtu pembeni namhesabia mapigo kwa vidole shingoni, napata namba moja, mkononi inasoma nyingine kabisa. Kwa vyuma mimi nawaambia wateja waandike kilo na marudio, kalori waziache.

NuruAsubuhi

Asanteni sana, FundiMita hiyo hesabu ya asubuhi nimeirudia mwenyewe kwa kalkuleta imetoka vilevile, nimefurahi!

Majibu: wastani wa mapigo ulikuwa 141, ndo kwanza naanza mazoezi kwa hiyo hata mwendo huo nahema kweli. Na vyuma vya pembeni ndio, nashika, hasa dakika za mwisho nikichoka.

FundiMita

Sawa, basi picha imekamilika.

Chini ya saa kuna taa za kijani. Damu inanyonya mwanga wa kijani, kila moyo ukipiga damu inajaa kidogo kwenye mishipa midogo ya ngozi, mwanga unaorudi unapungua, kitambuzi kinahesabu hayo mawimbi. Pia ndani kuna kifaa kidogo cha kuhisi mwendo kwenye pande tatu, ndicho kinachohesabu hatua. Basi, hivyo ndo vitu ambavyo saa inavipima kweli, mapigo na mtikisiko wa mkono (na GPS ukiwa nje). Kalori haipimi. Kalori anayepima ni mtu wa maabara aliyekuvalisha barakoa, anaangalia oksijeni unayotumia na hewa chafu unayotoa, kwa sababu kila lita ya oksijeni mwili unaoitumia ni kama kalori 5. Saa haioni oksijeni hata tone, inakisia oksijeni kwa kuangalia mapigo.

Na ukisiaji huo una msingi, kwenye zoezi la mwendo mmoja mapigo na oksijeni vinapanda pamoja karibu kama mstari ulionyooka. Ila mstari wa kila mtu ni wake. Chukua wewe na mwanamke mwingine wa kilo 78 mwenye mazoezi ya miaka, mtembee pamoja spidi 5.6, nishati mnayotumia inakaribiana sana kwa sababu mnabeba uzito ule ule umbali ule ule, lakini moyo wake unasukuma damu nyingi kwa pigo moja kwa hiyo anatembea na mapigo labda 105 na wewe uko 141. Saa isiyojua kiwango chako cha mazoezi inaona 141 inadhani kazi ni kubwa. Ndo maana saa nyingine zinakuwa na maana zaidi baada ya wiki kadhaa, zinajifunza mapigo yako ya kupumzika na zinakisia uwezo wako wa kutumia oksijeni. Na hapo bado hujaweka joto, kahawa, kukosa usingizi, hofu, maji kupungua mwilini, vyote vinapandisha mapigo bila kuchoma cha maana.

Kuhusu vyuma vya pembeni, ukishika unapunguzia miguu kazi, kwa hiyo hata 335 ya mashine inakuwa kubwa kuliko ukweli, mashine inakuhesabia kama umejibeba mwenyewe. Na mkono uliotulia kwenye chuma hautikisiki, hatua zinapotea. Ni bora upunguze spidi mpaka 5 uachie mikono.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilipima hili 2017, watu 60, vifaa 7 vya mkononi, wakitembea, wakikimbia na kuendesha baiskeli huku wamevaa barakoa ya maabara. Kwenye mapigo ya moyo vifaa 6 kati ya 7 vilikosea chini ya asilimia 5, safi kabisa. Kwenye kalori hakuna hata kimoja kilichokosea chini ya asilimia 20, kilicho bora kilikosea wastani wa asilimia 27 na cha mwisho asilimia 93. Teknolojia imesogea tangu hapo, ila tatizo la kugeuza mapigo kuwa kalori bado ni lile lile, sio tatizo la taa.

Kwa hiyo kwa zoezi lile mimi ningeshika 274 kama dari, na kwa kuwa ulishika vyuma pengine ni chini yake.

Rehema_Nesi

Naomba niongeze la kiafya maana watu wanapita humu na hali tofauti. Mtu anayetumia dawa za presha au moyo za kundi la beta blocker, kama atenolol au propranolol, mapigo yake hayapandi kama kawaida hata akijituma, kwa hiyo saa itamwambia amechoma kidogo wakati amefanya kazi ya kutosha, asije akajilazimisha kukimbia zaidi ili afikie namba ya saa, ni hatari. Huyo apime kwa anavyohisi, aweze kuongea sentensi huku anatembea. Kinyume chake mwenye homa mapigo yanapanda tu amelala. Na wenye mchoro wa tatuu pale saa inapokaa, wino unaweza kuzuia mwanga, wahamishie mkono mwingine.

Dada Nuru kuhusu kuzila kalori za nyongeza: angalia kilichokuwa kinatokea. Saa inasema 412, programu inakufungulia 412 za kula, wewe kwa uaminifu unazila zote. Kama nyongeza ya kweli ni 270 au pungufu, kila siku ya zoezi unakuwa umekula 140 na zaidi ambazo hukuzichoma. Na upungufu wa watu wengi wanaojipunguza taratibu ni kama 300 hadi 500 kwa siku, kwa hiyo sehemu nzuri ya upungufu wako inaliwa na kosa la saa. Hujakosea nidhamu mpendwa, umepewa namba kubwa. Zima hiyo nyongeza, utaipata kwenye setingi za programu ya chakula sehemu ya kuunganisha vifaa. Ila usije ukashuka chini sana kwa chakula, ukianza kusikia kizunguzungu, baridi isiyoisha au hedhi ikakatika, hapo umepitiliza, rudisha chakula na umwone daktari.

Pedali_2

Mimi wa baiskeli. Kwetu saa ya mkononi ndo inapotea zaidi maana mkono umetulia kwenye usukani, hakuna hatua za kuhesabu, imebaki moyo tu. Ila baiskeli ina zawadi moja ambayo wakimbiaji hawana, ukifunga mita ya nguvu kwenye pedali inapima kazi halisi kwa wati. Ukipiga wastani wa wati 150 lisaa zima umefanya kazi ya kilojuli 540. Kalori moja ya chakula ni kilojuli 4.184, lakini mwili unageuza robo hivi tu au pungufu ya nishati kuwa kazi, kingine chote kinatoka kama joto, kwa hiyo hivyo viwili vinafutana na unachukua kilojuli kama zilivyo ukaziita kalori, 540, ukienda juu sana 600. Hapa hakuna cha umri wala jinsia wala kahawa uliyokunywa.

Kwa anayekimbia kuna njia rahisi vilevile, kukimbia kunagharimu kama kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 70, kilomita 8, ni kama 560. Spidi haibadilishi sana, ukienda haraka unamaliza mapema. Saa ikikupa 800 kwa hiyo safari ujue imeongopa.

MzeeWaKazi

Haya nimewasoma vizuri, hiyo ya kalori moja kwa kilo kwa kilomita naichukua. Lakini swali, mtu akiongeza mazoezi si anaongeza matumizi ya siku? Maana naona wengine wanakimbia kila siku na hawapungui.

FundiMita

Mzee swali zuri na ndo sehemu ambayo saa yoyote haiwezi kuiona. Kuna njia ya kupima matumizi ya mwili ya siku nyingi mfululizo bila barakoa, mtu anakunywa maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito, halafu wanapima mkojo kuona kila moja inatoka kwa kasi gani, ndo kipimo kinachoaminika kuliko vyote kwa maisha ya kawaida. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe kwa njia hiyo, matokeo yakatoka 2012, watu wanaotembea na kuwinda na kuchimba kutwa, na ukishalinganisha ukubwa wa miili matumizi yao ya siku hayakutofautiana na ya watu wa nchi tajiri wanaokaa. Maelezo yake ni kwamba mwili ukiona kazi imezidi unabana kwingine. Wataalamu bado wanabishana unabana kiasi gani, lakini hata wewe utaona, ukikimbia asubuhi mchana unakaa zaidi, hunyanyuki ovyo. Saa inajumlisha zoezi juu ya siku ya kawaida kana kwamba hakuna kilichopungua.

Dada Nuru, ukitaka namba yako ya kweli bila maabara tumia mzani na daftari. Wiki tano, jipime kila asubuhi baada ya choo kabla ya kunywa kitu, chukua wastani wa kila wiki, usihangaike na siku moja moja maana maji na chumvi vinayumbisha. Pengo la wiki nne kati ya wiki ya kwanza na ya mwisho ni muhimu kwa mwanamke kwa sababu mzunguko wa mwezi unashikilia maji, ukilinganisha wiki mbili tofauti za mzunguko utadanganyika. Andika unachokula chote, mafuta ya kupikia na vinywaji vikiwemo. Mfano tuseme umekula wastani wa 1900 kwa siku na kati ya wiki ya kwanza na wiki ya tano umeshuka kilo 0.8. Kilo ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7700, kwa hiyo 0.8 ni 6160, gawa kwa siku 28 ni 220. Matumizi yako halisi ni 1900 + 220 = 2120. Kama saa kwa muda huo ilikuwa inasema wastani wa 2450, basi inazidisha 330 kila siku, na kosa hilo kwa mtu yuleyule na saa ileile na mazoezi yaleyale huwa halirukiruki sana, kwa hiyo kuanzia hapo unaipunguza kwa kiasi hicho na inakuwa na faida. Ukipungua kilo tano badilisha uzito kwenye profaili, wengi wanasahau, saa inaendelea kumhesabia mtu wa zamani.

NuruAsubuhi

Hapa nimeelewa kweli, mbarikiwe wote. Nyongeza nimeizima, uzito wa profaili nimehakiki, na leo nimetembea spidi 5 bila kushika chuma, ngumu kuliko nilivyodhani. Swali la mwisho, ule mkanda wa kifuani unasaidia au ni hela ya bure?

Pedali_2

Kwa mapigo unasaidia, unasoma umeme wa moyo moja kwa moja badala ya mwanga kwenye ngozi, hasa kwa mazoezi ya kupanda na kushuka haraka. Kwa kalori utabaki na ukisiaji uleule kwa sababu mapigo yako saa ilikuwa inayasoma vizuri tangu mwanzo. Kwa kutembea hauhitaji. Kaza tu saa kidogo wakati wa zoezi, ipandishe vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ukimaliza ilegeze ngozi ipumue.